Barua Pepe Haikuumbwa Ipige Kengele

Msomaji, kabla hujaendelea hebu fanya jambo moja. Vuta chini pazia la juu la simu yako, uhesabu arifa za barua pepe zilizokusubiri. Kisha jiulize ni ngapi zimeandikwa na binadamu anayekujua.

Kwangu leo asubuhi zilikuwa 11. Moja tu ilitoka kwa mtu. Zilizobaki ni duka la mtandaoni nililowahi kununua chaja mara moja, benki inayonibembeleza nichukue mkopo, na mtandao wa kijamii unaonijulisha kwamba fulani nisiyemfahamu ametimiza miaka mitano kazini. Hongera zake. Lakini zote zilipiga mlio uleule, na simu ikatetemeka vilevile.

Msimamo wangu ni huu: mwenye haki ya kuamua simu yangu ilie lini ni mimi, si anayeniandikia. Kwa jinsi simu nyingi zinavyokuja kutoka dukani, haki hiyo amepewa mwandishi, hata kama mwandishi mwenyewe ni roboti ya matangazo.

Tukirudi kwenye msingi, barua pepe ni mfumo mvumilivu sana. Itifaki ya SMTP iliandikwa na Jon Postel mwaka 1982, na toleo linalotumika sasa ni la 2008. Linasema kwamba seva ya upande wa pili isipopatikana, seva inayotuma ingoje walau dakika 30 kabla ya kujaribu tena, na isikate tamaa mpaka zipite siku 4 au 5. Siku tano! Yaani waliobuni chombo hiki walikubali kwamba ujumbe unaweza kufika wiki ijayo na dunia isianguke. Kengele iliongezwa baadaye. Mwaka 1997 itifaki ya IMAP ilipata amri ya IDLE, inayoiwezesha seva kukuambia papo hapo kwamba kuna barua mpya. Mwaka 1999 ikaja BlackBerry 850, barua zikaanza kutetemeka kwenye mishipi ya mabosi. Kufikia 2006 Wamarekani walishakuwa na jina la utani la ulevi huo, CrackBerry.

Najua utanijibu nini. "Wewe una ajira, mimi natafuta kazi mtandaoni, nikichelewa dakika kumi mteja ameshampa mwingine." Hoja hiyo naiheshimu kuliko zote, maana vijana wengi hapa Nairobi wanakula kwa kazi hizo, na barua ya kuitwa kwenye mahojiano haiji kila siku. Ndiyo sababu siungi mkono wale wanaokwambia uzime kila kitu uende ukapumzike kijijini. Ila tazama vizuri: anayengoja barua moja muhimu ndiye anayeumizwa zaidi na zile kumi za upuuzi. Simu ikilia mara hamsini kwa siku, ya hamsini na moja huitazami. Nayo huenda ndiyo yenye kazi.

Kwa hiyo chuja. Ukitumia Gmail kwenye Android, fungua akaunti yako kwenye kivinjari cha tarakilishi, utengeneze kichujio cha watu na anwani zinazoweza kuamua maisha yako: mteja, mwajiri, shule ya mtoto. Kipe lebo, tuseme "Haraka". Halafu kwenye simu ingia mipangilio, chagua akaunti, nenda kwenye usimamizi wa lebo. Washa usawazishaji wa lebo hiyo, kisha washa arifa zake, na uiambie ikujulishe kwa kila ujumbe. Baada ya hapo zima arifa za kikasha kikuu. Angalizo: usizime arifa za akaunti nzima, maana utanyamazisha pia ile lebo uliyohangaika kuitengeneza.

Wenye iPhone kazi yao ni nyepesi. Programu ya Mail ina orodha ya VIP. Weka watu wako humo, waache hao peke yao walie. Waweza pia kuiambia simu ichukue barua kila dakika 15, kila dakika 30 au kila saa badala ya kusukumiwa. Wanaosoma akaunti zao binafsi za Gmail kupitia Mail wameishi hivyo tangu Google ilipoanza kuondoa huduma ya kusukuma barua kwa njia ya ActiveSync mwaka 2013, na wengi wao hawajui kwamba barua zao hukawia.

Kuna tatizo moja ambalo hakuna mpangilio utakaolitatua, nalo ni bosi. Niliwahi kuwa na mteja aliyetuma barua saa tano usiku, kisha saa tano na dakika kumi anapiga simu kuuliza kama nimeiona. Ufaransa ilianza mwaka 2017 kuzitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi zijadiliane na wafanyakazi wao kuhusu haki ya kutosumbuliwa baada ya kazi. Hapa kwetu Seneta Samson Cherargei wa Nandi alileta mswada wa namna hiyo mwaka 2022, na waajiri wakaupinga. Mimi nauunga mkono, ingawa yule mteja wangu angepiga tu.

Na ninyi wasanidi wenzangu, msijifiche nyuma ya mabosi. Tangu Android 8 ya mwaka 2017 tunaweza kugawa arifa kwa mikondo, ili mtumiaji azime matangazo na kubakiza risiti. Tangu Android 13 ya mwaka 2022 programu mpya inapaswa kuomba ruhusa kabla ya kutuma arifa yoyote. Bado naona programu zinazomwaga kila kitu kwenye mkondo mmoja ili ukitaka risiti umeze na matangazo. Hiyo inafanywa kwa makusudi. Halafu kuna timu zinazotuma tahadhari ya seva iliyozimika kwa barua pepe, saa nane usiku, kwenye kikasha chenye barua mia tatu za aina hiyo hiyo. Seva ikizimika, mpigieni mtu simu.

Lebo ile hutengenezwa kwa dakika tano. Anza na majina matatu tu.