Mbwa Aachwaye Peke Yake

Mwenye mbwa hurudi kazini saa 10 alasiri, akakuta kinyesi sebuleni. Humwita mbwa wake, naye mbwa hujikunyata, akafyata mkia na kuinamisha kichwa. "Anajua alichokosa," husema mwenye mbwa, kisha hushika fimbo. Maoni yangu ni kwamba mkosaji hapo ni yule aliyeondoka asubuhi pasipo kupanga saa za mlo na za haja.

Tuanze na huko kujikunyata. Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa Marekani alitangaza matokeo ya jaribio alilofanya kwa mbwa 14. Mwenye mbwa alimkataza mbwa wake kula kipande cha chakula, kisha akatoka chumbani. Aliporudi aliambiwa kama mbwa ametii au hakutii, na mara nyingine habari aliyopewa haikuwa ya kweli. Ilionekana kwamba ile sura ya hatia ilitokana na kukemewa, wala haikutegemea kosa lenyewe. Mbwa waliotii walijikunyata vivyo hivyo walipokemewa. Kwa hiyo fimbo ya alasiri haimfundishi mbwa neno lolote juu ya kinyesi cha asubuhi. Humfundisha tu kumwogopa bwana wake aingiapo mlangoni, na pengine kwenda haja mafichoni.

Sababu ya kinyesi hicho imo mwilini. Chakula kiingiapo tumboni, utumbo mpana huamshwa, ukajikaza na kusukuma mabaki ya mlo uliotangulia. Kwa kilebu, yaani mtoto wa mbwa, aghalabu haja huja katika nusu saa baada ya kula. Kibofu chake nacho ni kidogo: kilebu wa miezi 3 hawezi kutegemewa kuzuia mkojo mchana kwa muda unaozidi saa 3 au 4. Akifungiwa ndani tangu saa 12 asubuhi hadi saa 10 alasiri, huo ni muda wa saa 10. Hesabu yenyewe yaonyesha kwamba atachafua nyumba.

Dawa yake ni ratiba. Ivan Pavlov, mwanasayansi wa Urusi aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake juu ya usagaji wa chakula, alionyesha kwamba mbwa aliyezoea kupata ishara fulani kabla ya chakula hudondokwa na mate kwa kupata ishara hiyo peke yake. Mazoea ya namna hiyo yaweza kutusaidia. Kilebu na alishwe saa zile zile kila siku. Kila alapo na kila aamkapo, apelekwe mahali pale pale nje, na amalizapo haja asifiwe papo hapo. Kilebu wa umri huo huhitaji milo 3 au 4 kwa siku. Mbwa mzima hutoshwa na miwili. Aondokaye asubuhi na amlishe mapema, amtoe nje kabla ya kufunga mlango, na amwachie maji safi. Tena hapana budi awepo jirani au ndugu wa kumlisha na kumtoa saa 6 mchana, akifuata desturi ile ile. Asiyeweza kumpata mtu huyo ni afadhali asifuge kilebu kwa sasa. Mahali palipochafuliwa paoshwe vema kwa sabuni, kwani harufu ibakiayo humvuta mbwa arudie hapo.

Wapo wasemao kwamba mbwa wa ulinzi hashibishwi, kwani akishiba hulala. Siafikiani nao. Mbwa mwenye njaa hupokea nyama hata itokayo mkononi mwa mwizi. Tena hutoroka kwenda majalalani, ambako huenda akang'atwa na mbwa mwenye kichaa. Virusi vya ugonjwa huo hupita katika mate, na dalili zikishajitokeza kwa binadamu, ni nadra mno kupona. Yakadiriwa kwamba watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka duniani kwa kichaa cha mbwa, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Chanjo ni ya lazima, lakini kumlisha mbwa kwa wakati ili asizurure nako ni kinga kwa jirani na watoto wake.

Walimu na wanafunzi waweza kulipima jambo hili wenyewe. Mwanafunzi ambaye kwao kuna kilebu na aandike katika daftari, kwa siku 7, saa ya kila mlo na saa ya kila haja, na kama ilikuwa ndani au nje. Kisha darasa lichore jedwali na kulinganisha. Atakayelisoma kwa makini ataona kwamba makosa mengi ya mbwa yana saa zake, na kwamba kuzipanga saa hizo ni kazi yetu sisi tuwafugao.