Ufunguo wa Nyumba Yako

Upo usemi unaotembea hapa Tukuyu, na kila niusikiapo damu hunichemka: kwamba mambo ya intaneti ni ya vijana, mzee yeye akae kando asubiri kuunganishiwa. Mtoto yuko Dar es Salaam au Uingereza, anataka kuzungumza na mama yake huku wakionana. Ruta ipo sebuleni, kifurushi kinalipiwa kila mwezi, lakini sauti inakatika na sura inaganda. Anaitwa fundi kijana, anabonyeza dakika tano, anapokea fedha zake na kwenda zake. Nywila ameondoka nayo kichwani. Baada ya wiki mbili anaitwa tena. Mimi nasema huo si msaada, ni utumwa wa hiari.

Sisi wa umri huu tunakumbuka zama za barua. Wanyakyusa wengi walikwenda kutafuta kazi kwenye dhahabu ya Lupa, kule Chunya, na kwenye migodi ya shaba ya Zambia. Mzazi asiyejua kusoma alipeleka barua ya mwanawe kwa jirani ili asomewe, na siri ya nyumba ikawa ya kijiji. Mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, wenye mvi hawakuambiwa kwamba kusoma ni mambo ya vijana. Waliambiwa waje darasani, nao wakaja. Leo kwa nini tuwaambie vingine?

Na ugumu wenyewe ni upi? Kwa kawaida chini ya ruta kuna karatasi iliyobandikwa, yenye anwani ya tarakimu, mara nyingi 192.168.0.1 au 192.168.1.1, pamoja na nywila ya kuingilia. Iandike anwani hiyo katika simu iliyounganishwa na ruta, na ukurasa wa mipangilio utafunguka. Kwanza badili nywila ya kiwandani. Kisha tazama mawimbi: ya gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi lakini huelemewa upesi. Ya gigahezi 5 yana kasi, ila ukuta wa matofali huyachosha. Ukizungumzia chumba kilekile chenye ruta, chagua haya ya pili.

Tena, mazungumzo ya video si kama sinema inayopokelewa tu. Ni kupokea na kupeleka, takriban megabiti 1 kwa sekunde kila upande. Mjukuu akipeleka video zake mtandaoni saa hiyohiyo, sura ya bibi ndiyo inayoganda. Ruta nyingi zina mahali pa kukipa chombo kimoja kipaumbele. Mpe bibi. Na kama ruta inatumia laini ya simu, iweke dirishani upande wa mnara, si nyuma ya kabati. Rungwe ni nchi ya vilima, na kilima kimoja chatosha kuzuia mawimbi.

Watasema mzee ataharibu. Aharibu nini? Kipo kitundu kidogo. Ukibonyeza humo kwa pini sekunde kumi hivi, ruta hurudi kama ilivyotoka kiwandani. Linalotakiwa ni kuandika mipangilio ya kampuni daftarini kabla ya kugusa chochote. Watasema tena kwamba maandishi ni ya Kiingereza. Maneno yenyewe ni machache. Yaandikwe kwa Kiswahili katika daftari hilohilo.

Sina ugomvi na fundi mwaminifu. Alipwe haki yake. Lakini asiondoke kabla mwenye nyumba hajaingia mwenyewe katika mipangilio, mbele ya macho yake, na daftari likabaki mezani. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, hakusema kujitegemea kuna kikomo cha umri.

Mwashi akimaliza kukujengea nyumba, hukukabidhi ufunguo. Anayeondoka nao mfukoni, wewe msomaji, ungemwita nani?