Kasi na Bei Yake

Msomaji, ipo lawama moja ambayo imerudiwa mara nyingi hata imepata sura ya ukweli. Husemwa kuwa michezo ya video ya mashindano ya mwendo huwatia vijana wazimu, na kuwa mtoto aketiye mbele ya kioo, kidole juu ya kitufe, anajifunza kuua na kufa barabarani. Mimi nasimama kinyume cha lawama hiyo. Sisimami kwa kupenda ubishi. Nasimama kwa kuwa hukumu itolewayo bila ya kumsikiliza mshtakiwa ni dhuluma, hata kama mshtakiwa ni mchezo.

Basi na tumwite mshtakiwa mmoja mbele ya baraza. Jina lake ni F-Zero. Alizaliwa Japani mwaka 1990 katika nyumba ya Nintendo, na ndugu zake wamekuwa wakimfuata tangu hapo. Hadithi yake ni ya mwaka 2560, wakati ambapo vyombo visivyo na magurudumu huelea juu ya njia zilizoinuliwa mbali na ardhi, vikipita kilometa 400 kwa saa. Walioanzisha mashindano hayo, yasema hadithi, walikuwa matajiri waliochuma mali kwa kufanya biashara na viumbe wa sayari nyingine, kisha wakachoshwa na raha zao. Watu walipoona ukatili wa mashindano ya kwanza, walikasirika. Lakini siku zilivyopita waliizoea hatari, wakadai zaidi. Je, huo ni wimbo wa kuisifu kasi? Kwangu mimi hilo ni suto. Hatari ikizoewa huacha kuonekana, na isiyoonekana ndiyo iuayo.

Tena, tazama sheria za mchezo wenyewe. Kila chombo kina kiasi cha nguvu. Ukigonga ukingo wa njia, nguvu hupungua. Ikiisha, chombo huteketea. Katika F-Zero X ya mwaka 1998, ambayo iliweka vyombo 30 katika njia moja, sheria iliongezwa ukali. Baada ya mzunguko wa kwanza mchezaji hupewa ruhusa ya kujiongezea mwendo kila apendapo, lakini mwendo huo hulipwa kutoka katika nguvu ile ile inayolinda uhai wake. Kila anunuapo kasi, hununua kwa maisha. Sheria hiyo ilirejea katika F-Zero GX ya mwaka 2003, na tena katika F-Zero 99 ya mwaka 2023, ambapo watu 99 huweza kushindana kwa njia ya intaneti. Mwenye pupa hukimbia mbele ya wote, akapasuka kabla ya kufika. Mwenye akili hupima: hapa nitumie, hapa niweke akiba, hapa nipite mahali pa kujazia nguvu. Wazee wetu walisema kuwa haraka haraka haina baraka. Mchezo huu waliweka neno hilo katika hesabu ambayo hata mkaidi hulazimika kuisoma.

Wenye kulaumu hujibu kuwa katika mchezo mtu hufa akafufuka, na barabarani hafufuki. Ni kweli, na ukweli huo nausalimu. Lakini ndiyo sababu kosa lifanywe katika mchezo, mahali ambapo bei yake ni aibu kidogo na kuanza upya. Dereva apitaye lori katika kona asiyoiona mbele hakufundishwa na kioo. Ajali zilikuwako duniani kabla ya mwaka 1990. Zilizaliwa na kiburi, ulevi, tamaa ya nauli na abiria walionyamaza. Kuulaumu mchezo ni njia rahisi ya kuwasamehe wenye hatia, na msamaha wa namna hiyo ni mshirika wa kifo.

Liko shtaka la pili, nalo ni zito kuliko la kwanza: kwamba mchezo hula wakati. Hapa sitamtetea mshtakiwa kwa uongo. Saa iliyopotea haina fundi wa kuirudisha, na mwanafunzi achezaye usiku kucha kabla ya mtihani ameitumia nguvu yake mzunguko wa kwanza. Lakini ugonjwa huo ni wa mchezaji. Mpira nao hula wakati. Soga nazo hula wakati. Hata kitabu cha hadithi huweza kumwibia mvivu kazi yake. Hatukupata kusikia mtu akitaka vitabu vichomwe kwa sababu hiyo.

Basi wewe usomaye, usikubali lawama kwa kuwa imesemwa na wengi, wala usikubali sifa kwa kuwa ni tamu. Ukicheza, cheza kwa kipimo, ujifunze lile ambalo mchezo wasema waziwazi. Na siku utakapokaa ndani ya gari ambalo dereva wake ameizoea hatari, usiwe kama watu wa hadithi ile waliozoea pamoja naye. Mwambie apunguze mwendo. Nguvu anayoichezea imo ndani yake uhai wako, na katika njia hiyo hakuna mahali pa kuijaza tena.