Medali ya chipukizi si hati ya ubingwa wa ukubwani

WAHENGA walisema nyota njema huonekana asubuhi. Katika nyanda za majani chai za Kericho na Bomet, wazazi, walimu na mameneja wa riadha wameitegemea methali hiyo kufanya uamuzi mzito kuhusu vijana wa miaka 16 na 17: nani aendelee na masomo, nani aingie kambini, nani apewe kandarasi ya kukimbia Ulaya. Rekodi za wanariadha wa eneo hilo zinaonyesha kuwa kipimo kinachotumiwa sana kufanya uamuzi huo, yaani saa ya mkononi na medali ya chipukizi, ndicho chenye kasoro kubwa zaidi.

Mfano ulio wazi ni wa watimkaji wawili wa Kericho, Isiah Koech na Beatrice Chebet.

Koech, aliyezaliwa Desemba 1993, alitawazwa bingwa wa dunia wa vijana katika mita 3,000 mjini Bressanone, Italia, mwaka 2009. Februari 2011, akiwa na umri wa miaka 17 pekee, alikimbia mita 5,000 za ukumbini mjini Düsseldorf, Ujerumani, kwa dakika 12:53.29. Rekodi ya dunia ya watu wazima ya mbio hizo wakati huo ilikuwa ya Mwethiopia Kenenisa Bekele, dakika 12:49.60. Kijana ambaye hajafikisha miaka 18 alikuwa amebakisha chini ya sekunde nne kumfikia mmoja wa wakimbiaji bora zaidi waliowahi kuishi.

Chebet, aliyezaliwa Machi 2000 na kulelewa kimichezo katika kambi ya Lemotit huko Londiani, alishinda mita 5,000 katika mashindano ya dunia ya chipukizi wasiozidi umri wa miaka 20 mjini Tampere, Finland, Julai 2018. Alitumia dakika 15:30.77. Rekodi ya dunia ya wanawake ilikuwa 14:11.15. Pengo lilikuwa sekunde 79 na zaidi.

Ni kweli kwamba mbio hizo mbili hazilingani. Düsseldorf kulikuwa na kasi ya kutafuta muda, na Tampere kulikuwa na mbio za kuviziana ambapo ushindi ndio uliotafutwa. Hata hivyo, mtu yeyote aliyeulizwa wakati huo achague mmoja kati ya wawili hao kwa kutazama saa asingesita kumchagua Koech.

Koech hakuwa bure. Alimaliza wa nne katika mashindano ya dunia ya Daegu 2011 na wa tano katika Olimpiki za London 2012. Mwaka huo wa 2012 alitimka dakika 12:48.64 jijini Paris. Mwaka 2013 alinyakua shaba ya dunia jijini Moscow akiwa na miaka 19, akiandikiwa muda uleule wa Mwethiopia Hagos Gebrhiwet aliyepewa fedha. Mwaka 2014 akatwaa fedha ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Glasgow, nyuma ya Mkenya mwenzake Caleb Ndiku. Hapo alikuwa na miaka 20, umri ambao wakimbiaji wengi wa masafa hayo ndipo wanapoanza kujulikana. Hakupata tena medali ya dunia wala ya Olimpiki uwanjani.

Chebet alipofikisha miaka 20 hakuwa na medali yoyote kubwa ya watu wazima. Timu ya Kenya ilipoelekea Olimpiki za Tokyo zilizofanyika 2021, hakuwemo. Mwaka uliofuata alitwaa fedha ya dunia mjini Eugene, Marekani, na dhahabu ya Madola mjini Birmingham. Yaliyofuata yanajulikana: mataji ya dunia ya mbio za nyika 2023 na 2024, rekodi ya mita 10,000 ya dakika 28:54.14 mnamo Mei 2024, dhahabu mbili za Olimpiki jijini Paris Agosti 2024, rekodi ya mita 5,000 ya dakika 13:58.06 mnamo Julai 2025, kisha dhahabu mbili za dunia jijini Tokyo Septemba mwaka huohuo. Hakuna mwanamke aliyewahi kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 29, wala mita 5,000 chini ya dakika 14, kabla yake.

Tatizo la kubashiri si la Kericho peke yake. Marekani, ambako fedha za kufanyia utafiti hazikosekani, klabu za kandanda ya Kimarekani hutumia miezi kadhaa kila mwaka kuwapima wachezaji wa vyuo vikuu kabla ya kuwasajili. Hupimwa mbio fupi, urefu wa kuruka, ukubwa wa viganja, hata akili. Anayepimwa kwa makini zaidi ni kwotabeki, mchezaji anayeongoza mashambulizi. Mwaka 1998 wataalamu walibishana iwapo Peyton Manning au Ryan Leaf ndiye aliyestahili kuchaguliwa kwanza. Manning alikuwa wa kwanza, Leaf wa pili. Mmoja akawa miongoni mwa bora katika historia ya mchezo huo, na mwingine hakucheza tena baada ya msimu wa 2001. Mwaka 2000, wachezaji 198 walichaguliwa kabla ya Tom Brady kukumbukwa. Brady alistaafu akiwa na mataji saba.

Wachunguzi wa mchezo huo walijifunza jambo moja kwa gharama kubwa: chuoni kijana hukutana na mabeki wachache wa kiwango chake, ilhali katika ligi ya kulipwa hukutana nao kila wiki. Kumbe kilichopimwa chuoni kilikuwa ubora wake dhidi ya wanyonge.

Wakenya waliokwenda kusomea Marekani wameonja hali hiyohiyo. Edward Cheserek, mzaliwa wa Marakwet, aliondoka Chuo Kikuu cha Oregon mwaka 2017 akiwa ametwaa mataji 17 ya vyuo vikuu, na wengi wakamwona bingwa wa dunia wa kesho. Hajapata medali ya dunia wala ya Olimpiki. Paul Chelimo, aliyesomea North Carolina, alimaliza masomo bila jina kubwa kama hilo. Ndiye aliyetwaa fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki za Rio 2016 na shaba Tokyo, akivalia jezi ya Marekani.

Mbio za chipukizi zina udanganyifu wa aina hiyo. Kila taifa huruhusiwa kupeleka wakimbiaji wawili pekee katika kila fani. Kwa hivyo kijana wa Kenya anayefika fainali hupambana na Mkenya mmoja, Waethiopia wawili, Mganda mmoja au wawili, na wengine ambao mara nyingi huachwa nyuma kabla ya kengele. Akivuka miaka 19 hupoteza kinga hiyo. Hukutana na Wakenya wa miaka 22, 25 na 30 katika mchujo wa kitaifa, ambao kwa masafa marefu unaweza kuwa mgumu kushinda fainali yenyewe ya dunia. Anayemaliza wa nne hubaki nyumbani.

Kikosi cha Tampere kinatoa hesabu ya kutosha. Wakenya sita walirejea na dhahabu mwaka 2018: Chebet, Solomon Lekuta katika mita 800, George Manangoi mita 1,500, Edward Zakayo mita 5,000, Rhonex Kipruto mita 10,000 na Celliphine Chespol kuruka viunzi na maji. Chespol ndiye aliyekuwa na wasifu mzito kuliko wote. Mwaka mmoja kabla, akiwa na miaka 18, alikuwa amekimbia dakika 8:58.78 mjini Eugene licha ya kusimama njiani kurekebisha kiatu. Kufikia mwisho wa 2025, kati ya hao sita, ni Chebet pekee aliyekuwa na dhahabu ya Olimpiki au ya mashindano ya dunia ya watu wazima. Kipruto alipigwa marufuku ya miaka sita mwaka 2024 kutokana na dosari katika rekodi za vipimo vyake vya damu.

Hoja ya upande wa pili ni nzito na haifai kupuuzwa. David Rudisha alikuwa bingwa wa dunia wa chipukizi 2006. Faith Kipyegon alikuwa bingwa 2012, na Mganda Joshua Cheptegei 2014. Wote watatu walipanda hadi kilele. Dalili ya mvua ni mawingu, na si rahisi kumpata bingwa ambaye hakuonyesha chochote ujanani. Lakini medali ya Rudisha na ya Lekuta ni ya fani ileile na ya rangi ileile. Inaeleza kwamba kipaji kipo. Haielezi kitakaa miaka mingapi.

Kati ya ncha hizo mbili yuko Mercy Cherono. Alishinda mita 3,000 za chipukizi duniani mara mbili mfululizo, 2008 na 2010. Ukubwani alitwaa fedha ya dunia Moscow 2013, dhahabu ya Madola Glasgow 2014, na akamaliza wa nne Rio 2016. Kazi hiyo ingemtosha mwanariadha yeyote, ila waliotarajia amalize akiwa na rafu nzima ya dhahabu walihesabu vifaranga kabla ya mayai kuanguliwa.

Nini basi kinachofaa kutazamwa? Umri halisi ndio wa kwanza, na katika maeneo ambako vyeti vya kuzaliwa huchukuliwa kwa kuchelewa, swali hilo halikwepeki. Kijana wa miaka 20 anayeshindana na wa miaka 17 hatakuwa na nyongeza ya kasi wenzake watakapokomaa.

La pili ni mwili. Wasichana wengi hupungua kasi kati ya miaka 16 na 20 kwa sababu maumbile yao yanabadilika. Anayekimbia vizuri kabla ya mabadiliko hayo husifiwa kupita kiasi, naye anayekwama katikati yake hutemwa upesi na kurejeshwa nyumbani, hata kama angehitaji misimu miwili tu kutulia.

La tatu, ambalo huenda ndilo kubwa, ni namna kijana anavyoshinda na anavyoshindwa. Katika mbio za nyika za chipukizi mjini Aarhus, Denmark, Machi 2019, Chebet na Waethiopia wawili walifika utepeni wakiwa na muda mmoja, dakika 20:50, na picha ndiyo iliyompa Chebet ushindi. Ushindi wa aina hiyo hauonekani kwenye orodha za muda bora. Unaonyesha mtu anayeweza kufikiri akiwa amechoka, na hicho ndicho kinachoamua fainali za wakubwa ambazo hazina wadhibiti kasi. Saa ya Düsseldorf haiwezi kupima kitu hicho.

Kisha kuna kalenda. Mwanariadha wa miaka 17 anayeweza kukimbia chini ya dakika 13 ni mali. Waandaaji wa mbio humtaka Februari ukumbini, Mei huko Doha, Julai Paris na Septemba Brussels, na kila anayehusika hupata sehemu yake ya malipo. Anayechelewa kung'aa hana wa kumsumbua. Huenda kutoonekana kwa Chebet kati ya 2019 na 2021 kulimfaa kuliko ambavyo medali ingemfaa.

Wakulima wa Kericho na Bomet wanaielewa hesabu hii vizuri kuliko mameneja. Mche mchanga wa chai haukimbiliwi kuchumwa. Hupogolewa na kuachwa ujitandaze kwanza, na mkulima hukaa miaka kabla ya kuvuna kikamilifu. Wachumaji hufunzwa kuchukua majani mawili na chipukizi, wakiacha yaliyo chini yarudishe nguvu ya mche.

Ugumu ni kwamba familia nyingi hazina uwezo wa kusubiri. Kazi za mashambani zimepungua kadiri mashine za kuchuma zinavyoongezeka, na mnamo 2023 waandamanaji waliteketeza baadhi ya mashine hizo Kericho. Katika hali hiyo, meneja anayefika Longisa au Londiani na tiketi ya ndege mkononi haonekani kuwa mtu anayebahatisha maisha ya mtoto. Huonekana mwokozi. Kijana akiacha shule katika kidato cha pili na mbio zikakoma akiwa na miaka 21, meneja atakuwa ameshapata wengine. Hasara hubaki kwa mzazi.

Yapo mambo yaliyopunguza haraka hiyo. Mashindano ya dunia ya vijana wasiozidi miaka 18 yalifanyika kwa mara ya mwisho jijini Nairobi, Julai 2017, na kuondolewa kwake kuliondoa soko moja la watoto. Mwaka 2018 shirikisho la dunia liliamua kwamba mwanariadha hawezi kuhamia taifa jingine kabla ya kufikisha miaka 20, tena baada ya kusubiri miaka mitatu, na hivyo wanaotafuta vijana wa kuvalia rangi za mataifa ya Ghuba wakapoteza sababu ya kuwakimbilia wakiwa shuleni. Kuajiriwa katika polisi, jeshi au magereza nako humpa chipukizi mshahara asioupata kwa kushinda mbio, na hivyo humnunulia muda.

Mwanariadha wa kwanza wa Kenya kupata medali ya Olimpiki alitoka Kericho. Wilson Kiprugut Chuma alitwaa shaba ya mita 800 jijini Tokyo mwaka 1964 akiwa na umri wa miaka 26 hivi, na miaka minne baadaye akaongeza fedha jijini Mexico. Enzi zake hakukuwa na mashindano ya dunia ya chipukizi, wala meneja wa kumsubiri langoni mwa shule.