GPS Haifungi Gurudumu

Kuna hoja imechapishwa kwamba mwenye karavani, yaani tela la kulala linalovutwa na gari, Uingereza hahitaji tena kufuli la gurudumu: atie kifaa cha GPS, na wizi ukitokea polisi wafuate alama kwenye ramani. Huko ni kujiandaa kumkimbiza mwizi badala ya kumzuia.

GPS hupiga kelele tela likishaondoka. Mwizi mwenye kifaa cha kuvuruga mawimbi huinyamazisha. Lakini mwandishi anapotea kabisa anaposema namba ya usajili itamfichua mwizi. Namba ipi? Karavani kule haisajiliwi kama gari. Hubeba kibao chenye namba ya gari linaloivuta. Mwizi hubandika cha kwake, akaingia barabara kuu, na hakuna anayegeuka kutazama. Utambulisho wa karavani yenyewe ni herufi na tarakimu 17 za CRIS, mpango wa kutambulisha karavani ulioanza 1992, zilizochongwa kwenye vioo vya madirisha. Nani atazisoma gari likiwa mwendoni?

Kufuli la gurudumu analiita ghali. Lakini kipande chake cha chuma hupenya kwenye uwazi wa rimu na kukazwa nyuma yake. Kukikata kunataka mashine, makelele na dakika ambazo mwizi hana. Tena kampuni nyingi za bima hulidai. Usipolifunga, fidia inaweza kukataliwa.