Chombo Kimepita, au Dada Amepita?

Hakuna neno linalofanya kazi nyingi kama "chombo". Ukivuka Mnazi Mmoja kutoka Mchafukoge kuingia Kariakoo, utalisikia kila baada ya hatua kumi. Sufuria na bakuli za Mtaa wa Kongo ni vyombo. Jahazi ni chombo. Pikipiki na daladala ni vyombo vya moto, redio na magazeti ni vyombo vya habari, polisi na jeshi ni vyombo vya dola. Mpangaji aliyeshindwa kodi anakuta vyombo vyake nje, na hapo hata kitanda kimehesabiwa.

Wapo wanaosema neno hili limebebeshwa mno, eti tuliachie jikoni, mengine yote tuyaite vifaa. Nakataa. Maana zote hizo zina shina moja: chombo hakijitumi. Wahenga walishasema, chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Kina mwenyewe, na mwenyewe ndiye anayeamua. NUTA Jazz ilipoanza mwaka 1964, vyombo vya muziki vilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi. Mwanamuziki akihama, anaondoka na vidole vyake tu. Kwa hiyo ukisikia "chombo cha habari", neno lenyewe linakufundisha kuuliza: cha nani?

Sasa washikaji, ugomvi wangu na nyie uko hapa. Binti anapita, kijana anamgusa mwenzake: "Cheki chombo kile!" Halafu tunalibeba hilo mpaka kwenye hadithi zetu, eti ndiyo lugha ya mtaa. Lugha ya mtaa ndiyo iliyonilea, sina kesi nayo. Lakini hebu tazameni sarufi. Kijana, kiongozi, kipofu, kiziwi: yote yanaanza na ki-, ila Kiswahili hakikubali mtu awe kitu. Tunasema kijana amepita, hatusemi kijana kimepita. Lugha imemnyanyua. Sisi tunamchukua mtu mzima, mwenye jina na nauli yake mkononi, tunamshusha: chombo kimepita. Haya, kama ni chombo, mwenyewe ni nani? Wewe uliyekaa kibarazani?

Utaniambia anayesema hivyo ni mhusika wako, si wewe. Sawa, mwache aseme, mtaani wapo wa namna hiyo. Lakini msimulizi ni wewe. Sentensi inayofuata ni yako. Mpe huyo dada jina, mpe anakokwenda, na umrudishie "a-" yake.