Mgeni wa Oklahoma City na Gharama ya Kumkirimu

Mnamo Juni 22, mwaka 2025, timu ya Oklahoma City Thunder ilitwaa ubingwa wa NBA, ligi kuu ya mpira wa vikapu nchini Marekani, baada ya kuilaza Indiana Pacers katika mchuano wa saba na wa mwisho wa fainali. Ulikuwa ubingwa wake wa kwanza tangu ihamie katika mji huo mwaka 2008 ikitoka Seattle. Wapo walioupokea ushindi huo kama hukumu ya mahakama ya rufani: kwamba ubishi umekwisha, na kwamba mji mdogo waweza, tena waweza sana, kuimudu timu kubwa iliyong'olewa kutoka mji mkubwa.

Hukumu hiyo naikubali. Ninachokitilia shaka ni shtaka lenyewe. Anayeuliza kama mji mdogo "unaweza" amekwisha kudhani kwamba kinachoamua ni idadi ya watu, ilhali kisa cha miji hii miwili chaonyesha wazi kwamba kilichoamua ni nani alikubali kuulipia uwanja. Na suala la nani analipa lawahusu walimu na wanafunzi kuliko linavyowahusu wakereketwa wa michezo, maadamu fedha za umma hutoka kwa mlango mmoja, na mlangoni pale shule nazo zimepiga foleni.

Hata hivyo tusiidharau hesabu. Sensa ya mwaka 2020 iliwahesabu watu takribani 681,000 katika Oklahoma City na takribani 737,000 katika Seattle. Anayeishia hapo atasema miji hii ni pacha. Lakini timu haiishi kwa mipaka ya manispaa. Huishi kwa watu wanaoweza kuendesha gari jioni, watazame mchezo, na warudi makwao kulala. Kwa kipimo hicho Seattle na viunga vyake ina watu wapatao milioni nne, na Oklahoma City takribani milioni moja na nusu tu. Uwanja wa Oklahoma City una viti takribani 18,000, na katika msimu wa kawaida wa NBA kila timu huwa mwenyeji wa mechi 41. Zidisha, nawe utapata tikiti 738,000 za kuuzwa kila msimu: yaani tikiti moja kwa kila watu wawili wa eneo lile, wakiwemo watoto wachanga na vikongwe. Huko Seattle, uwanja wa ukubwa huo ungetosheka na tikiti moja kwa kila watu watano hivi. Tofauti hiyo si ndogo.

Mzigo huo hubebekaje? Kwa sehemu ni kwa sababu mji mdogo hauna mshindani. Jimbo zima la Oklahoma halina timu nyingine katika ligi nne kuu za Marekani. Shabiki wa pale, akimaliza kuzishangilia timu za vyuo vikuu katika kandanda ya Kimarekani, hana pengine pa kupeleka pesa zake wala mapenzi yake. Kwa sehemu kubwa zaidi ni kwa sababu NBA ni shirika la kugawana. Haki za matangazo ya televisheni ya kitaifa huuzwa kwa pamoja, na mapato hugawanywa sawa kwa timu zote 30. Mkataba uliotiwa saini mwaka 2024, na ambao ulianza kutumika katika msimu wa 2025-26, una thamani ya takribani dola bilioni 76 kwa muda wa miaka 11. Oklahoma City hupata fungu lile lile lipatwalo na New York au Los Angeles. Fauka ya hayo, tangu msimu wa 1984-85 ligi imeweka kikomo cha mishahara ili tajiri asiwanunue wote walio bora, na timu dhaifu ndizo hupewa nafasi ya mbele katika kuwachagua chipukizi. Ajabu ni kwamba nchi inayouhubiria ulimwengu mzima ushindani huria imeuendesha mchezo wake kwa utaratibu ambao Mwalimu Nyerere asingeuona mgeni.

Basi ikiwa fungu la televisheni ni sawa, na mishahara ina kikomo, kinachobaki kutofautisha mji na mji ni uwanja: masharti ya upangaji, vyumba vya watazamaji matajiri, maegesho, vyakula na vinywaji. Ndiyo maana vita vyote vya kuhamisha timu huwa vita vya uwanja.

Seattle SuperSonics iliundwa mwaka 1967 na ikatwaa ubingwa mwaka 1979. Mwaka 2006 mmiliki wake, Howard Schultz wa kampuni ya kahawa ya Starbucks, aliiuza kwa dola milioni 350 kwa kundi la wafanyabiashara wa Oklahoma lililoongozwa na Clay Bennett. Wenye mali hao wapya walidai uwanja mpya wa takribani dola milioni 500, sehemu kubwa itoke kwa umma. Kumbe wapiga kura wa Seattle walikuwa wamekwisha kunena. Mnamo Novemba 2006 karibu robo tatu yao walipitisha sheria kwamba mji usitoe msaada kwa timu za kulipwa isipokuwa pale ambapo fedha hizo zitaleta faida ya haki kwa umma. Bunge la jimbo nalo likakataa. Mji ukaenda mahakamani kuushikilia mkataba wa upangaji ambao ulikuwa bado na miaka miwili, na hatimaye, Julai 2008, ukakubali fidia ya dola milioni 45 na kuiachia timu iende zake. Jina la SuperSonics na rangi zake vilibaki Seattle.

Oklahoma City ilikuwa imejiandaa kwa muda mrefu. Mwaka 1991 shirika la ndege la United liliukataa mji huo na kuipeleka karakana yake kubwa ya kutengeneza ndege Indianapolis, na viongozi wa Oklahoma City wakang'amua kwamba punguzo la kodi pekee halimvuti mtu kwenda kuishi mahali palipopooza. (Karakana hiyo ilifungwa mwaka 2003, na timu iliyobwagwa fainali mwaka 2025 ni ya Indianapolis. Historia nayo ina utani wake.) Desemba 1993 wapiga kura walikubali kujitoza senti moja kwa kila dola ya mauzo ili wajenge maktaba, mfereji na uwanja wa ndani, na vyote vikajengwa kwa fedha taslimu pasi na deni. Mwaka 1995 bomu liliwaua watu 168 katikati ya mji huo, na kwa miaka mingi jina la Oklahoma City likawa halitajwi ulimwenguni ila kwa msiba. Uwanja ulifunguliwa mwaka 2002 pasipo timu ya NBA ya kuuchezea. Kimbunga Katrina kilipoifurusha timu ya New Orleans mwaka 2005, uwanja ulikuwa tayari. New Orleans Hornets ikacheza pale sehemu kubwa ya misimu miwili, na watu wakajaa. Machi 2008, kabla hata hatima ya Sonics haijajulikana, wapiga kura walikubali tena kodi ya miezi 15 ili uwanja ukarabatiwe.

Sisi tunaoandika michezo kwa Kiswahili husema "timu mwenyeji" na "timu mgeni". Wamarekani katika biashara yao huiita timu kwa neno ambalo asili yake ni kibali cha kufanya kazi fulani, na neno lao ni aminifu kuliko letu. Kibali huhamishika. Lakers waliondoka Minneapolis, kwenye maziwa yaliyowapa jina, wakaenda Los Angeles mwaka 1960. Jazz waliondoka New Orleans mwaka 1979 wakalipeleka jina la muziki wa watu weusi wa kusini hadi Utah, kwa Wamormoni. Hata wachezaji ni wapita njia. Nyota wa ubingwa wa 2025, Shai Gilgeous-Alexander, ni Mkanada. Na Bismack Biyombo, mzaliwa wa Lubumbashi ambako Kiswahili ndicho lugha ya sokoni na barabarani, aliivaa jezi ya Thunder mwaka 2024. Mwenyeji wa kweli ni mlipa kodi peke yake. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na sikatai kwamba mji uliokuwa umejeruhiwa ulipona kiasi fulani. Msimu wa kwanza Thunder ilishinda mechi 23 na kushindwa 59, na bado watu wa pale hawakuitupa. Mapenzi ya namna hiyo hayanunuliwi, na mchumi asiyeyatia katika mizani anapima nusu ya mambo.

Ila wahenga wale wale walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wa Oklahoma City hakupewa jembe; katika mwaka wake wa kumi na tano aliomba nyumba mpya. Desemba 12, 2023, asilimia 71 ya waliopiga kura walikubali uwanja mwingine utakaogharimu angalau dola milioni 900, utakaolipiwa kwa senti moja ya kodi ya mauzo kwa muda wa miaka sita. Wenye timu watachangia dola milioni 50. Sina ugomvi na demokrasia. Walioulizwa ndio waliojibu. Walakini kodi ya mauzo haimwulizi mtu kipato chake, na katika mji ule hutozwa hata kwa chakula cha dukani. Mama mwenye watoto wanne ambaye hatakanyaga uwanjani maishani mwake atachangia kila anunuapo mkate.

Hapa ndipo ningependa walimu wanisikilize kwa makini. Aprili 2018, walimu wa jimbo hilo la Oklahoma waliziacha shule kwa muda wa wiki mbili hivi, wakaandamana hadi bunge la jimbo katika mji huo huo. Walikuwa wamekaa takribani miaka kumi pasi na nyongeza ya mishahara kutoka kwa jimbo. Baadhi ya wilaya zilikuwa zikifundisha siku nne kwa juma kwa uhaba wa fedha. Walitaka nyongeza ya dola 10,000. Walipata takribani 6,100. Haki inanidai niseme kwamba mishahara yao hutoka katika kapu la jimbo na uwanja hutoka katika kapu la mji, na kwamba mwaka 2001 mji huo ulijitoza kodi kwa ajili ya kukarabati shule. Anayesema uwanja uliwaibia walimu anarahisisha mno. Lakini mtu yule yule ndiye hulijaza kila kapu, na uwezo wake wa kukubali kodi mpya una kikomo hata kama sheria haijakiandika. Kila ndiyo anayoisema kwa uwanja humpunguzia pumzi ya kusema ndiyo nyingine.

Ati uwanja utaleta utajiri wa kujilipa wenyewe? Roger Noll na Andrew Zimbalist walihariri kitabu juu ya madai haya mwaka 1997, na wanauchumi wengi waliochunguza baadaye wamefika pale pale: fedha zinazotumika uwanjani aghalabu ni zile ambazo zingetumika sinema au mkahawani katika mji ule ule. Mwenye kutaka timu aseme anaitaka kwa furaha na fahari, kama mtu anavyotaka bustani. Hiyo ni sababu halali. Asiivike joho la uwekezaji.

Nao wanaodhani kwamba kujenga ndiko kupata, waitazame Kansas City. Mji huo uliipoteza timu yake ya Kings ikaenda Sacramento mwaka 1985, ukafungua uwanja wa kisasa mwaka 2007, na hadi leo NBA haijarudi. Sacramento yenyewe nusura ipokonywe Kings mwaka 2013, na aliyekuwa akiitaka alikuwa nani kama si Seattle. Wamiliki wa ligi waliikataa safari hiyo kwa kura 22 kwa 8, na Sacramento ikatoa zaidi ya dola milioni 250 za umma kwa uwanja uliofunguliwa mwaka 2016. Kinyume chao ni Green Bay, mji wa watu 107,000 hivi, ambao umekuwa na timu yake katika ligi kuu ya kandanda ya Kimarekani kwa zaidi ya karne. Timu hiyo tangu 1923 imemilikiwa na maelfu ya wanahisa wasiogawiwa faida. Hakuna anayeweza kuwatisha kwamba ataihamisha, kwa kuwa wa kuhamisha ni wao wenyewe. Ligi hiyo sasa hairuhusu timu nyingine kumilikiwa hivyo, na kwa nini hairuhusu mwanafunzi yeyote wa kidato cha pili aweza kukisia.

Seattle je? Uwanja wake wa zamani ulijengwa upya kwa zaidi ya dola bilioni moja, nyingi mno zikiwa za watu binafsi, ukafunguliwa Oktoba 2021 kwa timu ya magongo ya barafuni. Umma uliokataa kulipa ulikaa miaka 13 bila uwanja wa kisasa, kisha ukaupata. Bila shaka si kila mji una matajiri wa Microsoft na Amazon wa kusubiriwa, na hapo ndipo udogo wa mji unapouma kweli: mdogo hana nguvu ya kukataa.

Oklahoma City, kwa fedha zake, imepata ahadi kwamba Thunder haitaondoka hadi angalau mwaka 2050. Uwanja mpya unatarajiwa kufunguliwa mwaka 2028. Ule wa sasa ulikuwa na umri wa miaka 21 wapiga kura walipoambiwa kwamba haufai tena. Ahadi itakapoisha, huo mpya utakuwa na miaka 22.